Kopo ya Dawa ya Dudu Chini ya Kitanda Yangu

Samaki yangu haikukuwaka na funza. Hii muiyue mbele ya kusoma ingine. Miaka yote nilitandika mukeka yangu pa soko ya Nchelenge, kati ya banamuke bengine, na hakuna mutu alipindua samaki yangu mukavu akaona kintu kinatembea mu mbavu yake. Tulikuwa tunapasua samaki mugongo, tunamutia munyu, tunamuanika juu ya kitanda ya miti pale Kabuta, kijiji yetu, kiisha tunamubeba soko. Ya bengine ilikuwa inakuya na nzi yake, na mayai ya nzi, na kisha siku tatu ilikuwa inacheza yenyewe ndani ya kitunga. Yangu ilikuwa nyeupe ndani, inanuka munyu tu. Batu ya baiskeli, bale benye kubeba samaki mbali ku mashamba, balikuwa banapita mikeka ya bengine macho mbele, banasimama kwangu.

Bakiniuliza, "Mama, unafanya namna gani?", nilikuwa najibu, "Munyu, na kuamuka mapema. Bengine banalala, nzi hailali."

Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Nilikuwa na kopo chini ya kitanda yangu, kopo ya maziwa ya poda, na ndani yake dawa ya dudu, unga nyeupe yenye batu bananyunyiza mu mahindi na mu nyumba. Mutu moya wa ng'ambo ya ziwa aliniletea. Nilikuwa nanyunyiza kiloko, na vidole bitatu, juu ya samaki mbele ya kufunga mufuko, kiisha nilikuwa naipangusa na majani. Nzi ilikuwa inaikala pale na kuanguka. Hakuna mutu aliyua, isipokuwa mudogo yangu mwanamuke.

Mudogo yangu alikuwa anaikala na miye tangu bwana yake alizama. Tulizaliwa yeye na miye ku Kilwa, upande ya Congo ya ziwa, miye nikaolewa upande ya huku na mutu wa Kabuta, na kisha miaka mingi yeye naye akanifuata. Njo maana Kiswahili iko mu kinywa yetu na Kibemba iko mu masikio. Alikuwa mupole. Miye haiko mupole. Alikuwa ananiita yaya hata siku yenye nilimutukana, na nilimutukana mingi.

Ile mwaka vita ilirudi kule ng'ambo na mitumbwi ilikuwa inavuka imejaa batu na magodoro, mudogo yangu alikuwa na kintu mu bele yake, titi ya kushoto. Kintu kigumu, kama kokwa. Aliiyua tangu mvua ya mbele. Hakuniambia. Alianza kulala upande moya, na kubeba kitunga na mukono ya kuume tu, na mukono ya kushoto aliibana ku mwili kama mutu anaficha mukate. Miye nilimuambia, "Umekuwa muvivu." Njo neno yenye nilimupa.

Sasa muzungu alikuya.

Alikuya soko mu wakati wa jua kali, murefu, magoti nyekundu, soksi mupaka katikati ya muguu, na kisanduku ya chuma mu mukono. Alikuwa anasema Kifransa. Pembeni yake kulikuwa mwalimu moya mukimbizi, mutu muzima mwenye mvi, alifundishaka ku Pweto mbele ya vita. Yeye njo alikuwa anageuza Kifransa mu Kiswahili. Balipita mikeka yote, banainama, banaangalia, banasonga. Kwangu balisimama. Nilifurahi. Nilifikiri, hata muzungu anaona samaki safi.

"Mama," mwalimu alisema, "pole na kazi. Huyu dokta anatafuta funza."

"Anatafuta nani?"

"Funza. Dudu ya mu samaki. Banamuambia kama weye njo mukubwa wa samaki hapa, pengine unazo mingi."

Soko yote iligeuka kuangalia. Kando yangu kulikuwa mwanamuke moya mwenye kuuzisha chisense, ile samaki kiloko kama kucha. Mukeka yake na yangu ziligusana miaka kumi, na kwa ile miaka kumi hatukupeana munyu. Alianza kucheka, akalala juu ya chisense yake na kucheka.

"Mwandi, jamani, leo bamekuya na kisanduku," alisema. "Mama ya samaki safi, fungulia bageni."

Nilisimama. "Mwalimu, ambia muzungu yako kama funza iko ku mama yake. Njo yenye alimupikia akarefuka hivi."

Mwalimu hakugeuza ile mu Kifransa. Niliona hakuigeuza juu muzungu aliendelea kucheka na meno yake, na akachuchumaa mbele yangu kama mutoto anataka kunya, akaanza kueleza. Mikono inatembea. Mwalimu alikuwa anafuata nyuma, anapangusa jasho.

Alisema hivi. Asema funza inaikala mu kintu yenye kuoza, inakula mu uozo, inalala mu uozo, na yenyewe haiozi. Juu ya nini haiozi? Juu mu damu yake iko protini, na ile protini inapigana. Asema batu ya masomo, kule kwabo, balitosha mu damu protini ya dudu mbalimbali, ya nzi, ya nyuki, ya kipepeo, bakaitia mu chupa na nyama ya ugonjwa wa kansa, na nyama ya kansa ikakufa mu chupa. Sasa yeye anatafuta nzi ya huku, juu pengine ya huku iko na nguvu kupita.

Protini nilikuwa naiyua. Ku chipatala, siku ya kupima batoto, manesi balikuwa banaimba kila mwezi: maharagi protini, samaki protini, karanga protini. Kwa hiyo nilisikia muzuri. Nilisikia mutu alikuya kutoka mbali mbele ya samaki yangu na akataka kutosha protini mu mavi ya nzi.

"Samaki yangu haina funza," nilisema. "Haikukuwaka nayo. Ondoka pa mukeka."

"Mama, usikasirike, ni kazi ya kusaidia batu. Banatafuta dawa ya dudu ya kuua kansa."

Iangalieni ile sentensi. Dawa ya dudu ya kuua kansa. Miye niliipitisha tu. Nilikuwa na beseni ya mayi ya kuoshea samaki, mayi ya asubui, yenye damu na magamba. Niliimwanga ku soksi ya muzungu.

Muzungu aliruka. Mwalimu alimushika mukono akamupeleka kwa mwanamuke wa chisense, na ule hakukuwa na haya, alipindua kitunga yake ya chini na kusema, "Hapa, dokta, iko karamu." Muzungu alifungua kisanduku. Mulikuwa chupa kiloko za kioo na koleo kiloko ya chuma, na alianza kukamata funza moya moya, kwa heshima, kama mutu anachagula muchele ya harusi. Soko yote ilizunguka. Kwangu hakubakia mutu.

Hata mudogo yangu alienda. Nilimuona kwa mbali, mukono yake ya kushoto imebanwa, anasubiri mupaka muzungu aliinama, kiisha anasema pole pole na mwalimu. Walisema wakati murefu. Alikuwa anaangalia chini.

Aliporudi nilikuwa na hasira tayari. "Unatafuta bwana mu funza?"

"Hapana, yaya. Nilimuuliza tu kansa iko namna gani."

"Na yeye alisema nini?"

"Asema mara ingine inaanza kama kokwa. Asema dawa ya dudu inaiua. Muzungu aliona na macho yake."

"Mu chupa."

"Ee. Mu chupa."

Nilimuambia afunge mifuko. Mwanamuke mwenye hana ugonjwa haulizi ugonjwa iko namna gani, hii kila mutu anaiyua, na miye nilikuwa muzee wa kutosha, nilikuwa na bajukuu bane wakati ule. Sikumuuliza kintu. Nilikuwa nahesabu batu benye balimucheka muzungu na benye balinicheka miye.

Sasa musikilize namna akili yake ilitembea, juu banamuke bengi balisema kisha kama alikuwa mujinga, na hakukuwa mujinga. Ku chipatala balikuwa banatuambia kila siku: SIDA iko kadudu mu damu. Kifua kikuu iko kadudu. Kolera iko kadudu mu mayi. Ugonjwa yote iko kadudu yake. Basi kansa nayo iko kadudu, inakula bele kama funza inakula samaki. Na mwalimu, mutu wa masomo, alisema dawa ya dudu inaua kansa. Na dawa ya dudu ilikuwa chini ya kitanda ya yaya yake. Aliiona miaka mingi namna inaua. Aliona funza inakauka. Ungefanya nini weye?

Dawa yenye kutoka mu dudu, dawa yenye kuua dudu: mu Kiswahili yetu ni neno moya. Hakuna mutu wa Kilwa, wa Pweto, wa Nchelenge, mwenye kusikia dawa ya dudu akafikiri ingine tofauti na ile unga nyeupe. Mwalimu alikuwa na Kifransa mingi, alisahau ile.

Alichanganya unga na mafuta ya mawese. Alikuwa anajipakaa asubui, nikienda kuosha samaki. Kokwa ilikuwa imefungua kidonda kiloko, na yeye alikuwa anaitia mule mule mu kidonda, kiisha anafunga na kitambaa. Kopo ilianza kuwa nyepesi. Niliona. Nilifikiri mwanamuke wa chisense anaingia mu nyumba yangu, na nilimutukana mbele ya batu, pa kisima, na yeye alinijibu, "Niibe nini kwako, munyu?" Nilibeba ndoo yangu nikaenda. Singeweza kumuambia alichoiba.

Kisha wiki mbili, asubui, mudogo yangu alianguka pa kitanda ya kuanikia samaki. Nilisikia miti inavunjika. Niliendaka na hasira juu ya samaki, niseme kweli, nilienda kuangalia samaki. Alikuwa chini mu muchanga, jasho inamutoka kama mutu alitoka mu mayi, mate inateremuka, mikono na miguu inacheza cheza. Macho yake wazi, na ile nyeusi ya katikati imekuwa kiloko kama kichwa ya sindano.

Mutu moya wa baiskeli alikuwa amefika kuchukula mizigo. Alitupa mifuko yangu chini bila kuniuliza, akamuikalisha mudogo yangu nyuma, akamufunga na kamba ya samaki ku mugongo yake, na miye nikashika kichwa yake na kukimbia pembeni. Hakungoja mutu, alikanyaga mupaka Nchelenge bila kusimama. Jina yake nitaiyua siku zote na sitaiandika.

Ku chipatala ilikuwa siku ya kupima batoto. Benchi ilijaa banamuke, nusu yabo ya soko yetu, batoto uchi mu magoti. Mwanamuke wa chisense alikuwa pale na mujukuu yake. Nesi alituona, akamulalisha mudogo yangu kwenye kitanda ya mulangoni, hakukuwa pazia. Nesi alikuwa mwanamuke mufupi, mukali, wa Kibemba, lakini alifanyaka kazi Pweto na Kiswahili alikuwa nayo. Alifungua nguo ya mudogo yangu, akafungua kitambaa.

Njo siku yenye niliona. Bele ilikuwa imevutwa ndani upande moya, ngozi imekuwa kama ganda ya chungwa, na kidonda inaangalia kama yicho. Juu yake tope nyeupe na nyekundu ya mawese. Na harufu. Ile harufu ningeiyua hata kama ningekuwa kipofu.

"Amepakaa nini?" nesi aliuliza.

Nilisema, "Siyui."

Niliandika hii yote juu ya hii neno. Nilisema siyui. Mudogo yangu anakufwa mbele yangu na nikasema siyui, juu banamuke bale balikuwa banasikiliza.

"Mama, unaikala naye mu nyumba moya?"

"Ee."

"Na huyui."

"Pengine poda ya batoto."

Nesi aliinamia bele, akanusa, akaniangalia. "Poda ya batoto haifanye mutu anatosha mate hivi. Iko sindano moya yenye kufaa, na iko sindano zenye zitamumaliza haraka. Siwezi kuchagula na macho. Nauliza mara moya ingine: amepakaa nini?"

Mudogo yangu alijaribu kusema. Ulimi ulikuwa muzito. "Yaya," alisema. "Kopo."

"Kopo gani?" nesi aliuliza.

 Mutoto moya pa benchi alikuwa anatafuna mukia ya samaki mukavu. Niliuyua ule mukia. Ile namna ya kukata ni yangu.

"Ni dawa ya dudu," nilisema.

"Ya nyumba?"

"Ya samaki."

"Samaki gani?"

"Yangu."

"Samaki yenye unauzishia batu?"

"Yenye munakula, ee. Hata weye. Juma ile ingine ulikamata mbili. Sasa mutie sindano."

Mama wa ule mutoto alitia kidole mu kinywa yake na kutosha ile mukia, pole pole, kama mutu anatosha jiwe mu kiatu.  Hata mwanamuke wa chisense hakucheka, na ile ndiyo iliniuma kupita.

Nesi alikimbia kuchukula sindano. Balimuosha mudogo yangu na sabuni, mara tatu, na mayi mingi, na miye njo nilikuwa nasugua, juu nesi alisema, "Weye unayua namna ya kuitosha." Na kweli niliyua. Njo kazi nilifanya kila juma juu ya samaki, kunyunyiza na kupangusa. Kisha siku mbili mikono yake iliacha kucheza. Siku ya tatu aliomba bukari, ugali yetu, na akalalamika kama haina munyu.

Lakini bele ilikuwa pale pale. Nesi alituikalisha, akasema bila kuzunguka: hii ni kansa, haikuanza jana, hapa hatuna kisu ya hii. Gari ya chipatala inaenda Mansa kesho kutwa, kutoka pale banamutuma Lusaka, bamukate bele yote. Akienda sasa pengine ataishi. Akingoja, ataoza akiwa muzima.

Mudogo yangu alisema, "Siendi."

"Namna gani hauendi?"

"Dawa iko. Mwalimu alisema iko. Miye nilikosa tu kipimo, nilitia mingi. Nitangoja ile ya muzungu yenyewe, yenye bamepima muzuri."

Nilimupigia kelele. Nilimutukana, nikatukana muzungu na kisanduku yake, nesi akanifukuza inje. Mudogo yangu alifunga nguo yake na kugeukia ukuta. Mutu mupole akikataa, hakuna mutu wa kumusogeza, mukali anachoka lakini mupole hachoki.

Njo nilienda kutafuta mwalimu. Muzungu alikuwa ameshaenda na chupa zake. Mwalimu alikuwa anaikala karibu na kituo ya minibasi, chumba moya, alikuwa anapika. Nilimuambia, "Zima moto." Aliuliza kuna nini. Nilimuambia, "Ulitia neno mu sikio ya mudogo yangu, utaenda kuitosha weye mwenyewe." Nilimushika ku kola. Mutu muzima, mwalimu, mwenye mvi, nilimupitisha soko mukono ku kola, na batu banaangalia, na hakujaribu kunitoka.

Alisimama mbele ya kitanda ya mudogo yangu na kofia mu mikono. Nilimuambia alipakaa nini. Alikaa chini.

"Dada," alisema, "nilikosa. Mu Kifransa ni wazi. Nilipashwa kukuambia: dawa yenye kutoka ndani ya dudu. Haiko dawa ya kuua dudu. Kansa haiko dudu."

"Iko nini?"

"Ni nyama yako yenyewe. Ilisahau kuacha kukua."

Mudogo yangu aliifikiria. "Na ile dawa yenye kutoka mu dudu, iko wapi?"

"Haiko."

"Ulisema muzungu aliona."

"Aliona mu chupa. Mu chupa bintu mingi inakufa, dada. Mu mwili ya mutu bado. Pengine kisha miaka mingi. Pengine hapana. Yeye anatafuta tu. Nilipashwa kukuambia kama anatafuta tu."

"Kwa hiyo funza njo pengine ingeniponya," mudogo yangu alisema, "na miye nilijipakaa kintu yenye kuua funza."

Akaanza kucheka. Alicheka na kinywa yenye ilikuwa bado inapindama kiloko, alishika tumbo, machozi inatoka, na mwalimu hakuyua kama acheke ao alie. Miye sikucheka. Sikuona ya kuchekesha, na mupaka leo sijaiona.

Kiisha alijifuta. "Yaya," aliniambia, "nifungie bitenge. Baende bakate."

Alienda na gari ya Mansa. Alikatwa Lusaka, akaikala kule mupaka mvua ilianza, na miye nilibakia na soko.

Siyui kama munayua soko yenye imekukataa. Hawakutukani. Banakusalimia muzuri, banauliza hali ya mudogo yako, na macho yabo inaruka mukeka yako kama kuna mavi juu yake. Batu ya baiskeli balipita. Niliizika ile kopo nyuma ya choo, mbali na kisima, na bajukuu yangu baliniona na hawakuuliza. Samaki yangu ya kwanza bila dawa ilifanya funza siku ya ine. Nilizikamata na mikono, moya moya, mbele ya jua kutoka, juu sikutaka mutu aone. Mwanamuke wa chisense aliona. Alisubiri mupaka soko ilijaa.

"Mama ya samaki safi," alisema, "iko moya inapanda ku mukono yako."

Ilikuwa pale, kweli, nyeupe na nono. Nilipashwa kuipiga. Lakini nilichoka. Ule mutu wa baiskeli, yule yule mwenye alibeba mudogo yangu, alikuwa amesimama pa mukeka anafikiri. Nilikamata samaki mbele yake, nikapiga ile samaki ku mukeka, mara moya, na funza mbili zilianguka zikaanza kutembea.

"Unaziona?" nilimuambia. "Muzima zote mbili. Samaki hii haina dawa. Angalia ya bengine yenye haina hata funza moya, kiisha uniambie unataka kulisha batoto yako gani."

Alicheka. Alifunga mifuko miwili. Na toka siku ile, ndani ya ile soko, mwanamuke mwenye samaki safi sana alianza kuulizwa maswali. Sikupanga ile. Lakini sikuikataza.

Mudogo yangu alirudi na kifua bapa upande moya, na kitambaa ya kukunja mu nguo yenye alikuwa anasahau siku ingine kuitia. Aliikala tena pa mukeka kando yangu. Badokta ba Lusaka balisema ningoje miaka mitano mbele ya kufurahi, nilingoja, ilipita, na bado ananiambia munyu haitoshi.

Muzungu alirudi jua ya mwaka wenye kufuata. Soksi ingine, kisanduku ile ile, mwalimu pembeni yake, mwenye kuniangalia kama mutu anaangalia imbwa yenye ilimuuma. Nilisema, "Funza iko. Leo iko. Ikala chini." Muzungu alichuchumaa akafungua koleo yake.

Mudogo yangu alikuwa ameikala karibu naye kabisa, bega kwa bega, anaangalia namna anazikamata. "Muulize dawa yake ilifika wapi," alimuambia mwalimu.

Mwalimu aliuliza, na safari hii aligeuza pole pole, neno moya moya. "Asema bado."

"Bado mu chupa?"

"Bado mu chupa."

"Basi akamate zote," mudogo yangu alisema. "Na ile ya mu mukia, muambie asiisahau, inajificha."

Mupaka leo sijasikia kama ile dawa ilitoka. Sijamusamehe ule muzungu. Mutu anayebeba tumaini ya kansa mu soko ya samaki, anaisema kwa kinywa ya mutu mwingine, kiisha anaenda na chupa zake, miye sina kiti ya kumupa. Ile siku beseni ya mayi ya kuoshea samaki ilikuwa karibu na mukono yangu, imejaa. Sikuimwanga. Mudogo yangu alikuwa karibu sana naye, angelowa.